Hadassa Aliita

*Beni, siku ya yenga, 14 Septemba 2025*

Yaya Lusenge,

Tumsifu Yesu Kristo. Unaendeleaje, mkubwa wangu, na Mukaka anaendeleaje na magoti yake? Natumaini bado anakugombeza kila asubuhi, maana siku bibi yetu atakaponyamaza ndiyo siku ya kuogopa. Mimi niko mzima. Papa pia ni mzima, isipokuwa vumbi la barabara ya Mbau linamkohoza. Anaenda kufundisha kule kila siku ya yenga, Jumapili, baada ya misa na kurudi Jumamosi, siku ya posho, na mimi ninabaki hapa Beni katika parcelle, uwanja wa nyumba wa Mama Hadassa, mwenye nyumba wetu.

Utauliza kwa nini sikupigii. Simu ni ya Papa na inakwenda naye Mbau, ambako network inakuja kama mgeni. Hata ingekuwa hapa, unajua namna ninavyokuwa kwenye simu. Wewe unasema "allô, allô", mimi ninatikisa kichwa. Kwenye karatasi ninaweza. Papa Michée amekubali kubeba barua zetu ndani ya taxi yake kila anapopanda Butembo.

Habari kubwa ni hii: nimepata watu wa kutembea nao. Tangu tuhame sikutembea. Kila siku ya yenga nilikuwa nikifikiri, saa hii wenzetu wa Butembo wametoka misa, saa hii Kitsa amevua viatu na kuvibeba mkononi visizeeke, saa hii Rébecca anaimba na wanapanda kwenye kalitusi. Nilikisoma kitabu kimoja mpaka nikakichukia. Kisha Hadassa, binti wa mwenye nyumba, ambaye ninalala naye kitanda kimoja na kusoma naye darasa moja, akaniambia, "Weye, utaoza ndani ya nyumba kama muhogo. Twende."

Tuko wanne. Agar ni binti wa askari aliyetumwa hapa kutoka Kisangani. Ndiye mkubwa wetu na anatembea mbele. Sagesse anabeba ndizi za kuchemsha na kuzila kabla hatujafika. Halafu Hadassa, na mimi nyuma. Vilima vyetu havipo hapa. Ni tambarare, kakao kila upande, na kivuli chake ni cheusi hata mchana. Tunakwenda mpaka kwenye kijito, tunaloweka miguu, tunarudi. Kuvuka ni marufuku. Chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, amekataza, kwa sababu ng'ambo wanapita wale wa porini, waasi wenye mapanga.

Siku ya kwanza nilikosea. Walinipotea kwenye kona, nami nikaita kama tunavyoita nyumbani: "Eee, ba mbele!" Nikangoja wa mbele wajibu "Eee, tuko!" Hadassa alirudi mbio akaniziba mdomo kwa mkono wenye harufu ya samaki.

"Mutu wa milima, unataka batuchinje? Hapa hatuitanaka. Na ukiitwa toka mu kakao, hapana kuitika. Hata kama unajua sauti. Bale banaigaka sauti za batu."

Tulipofika karibu na nyumba aliniomba nimfundishe mwito huo. Sasa anauita parcelle nzima, akitaka chumvi, akitaka sabuni: "Eee, ba mbele!" Mama yake amechoka nasi wote wawili.

Mwambie Mukaka kwamba ninakula.

Mudogo wako,
Kaswera

*Butembo, 19 Septemba 2025*

Mudogo,

Jambo sana. Sisi tuko bazima, na wewe? Na kikohozi ya Papa? Barua yako niliisoma kwa atelier ya mbao, patron wangu akasikiliza na randa mukononi, akasema hii Kiswahili ni ya padri, si ya mutoto. Nikamwambia ni ya Bibliothèque yetu, ile jina yako ya vitabu.

Mukaka iko muzuri, magoti ndiyo hapana. Kugombeza bado anagombeza, tulia.

Siku ya yenga tulipanda mpaka kule juu ya mashamba ya chai. Kitsa alisahau kiatu kimoja juu, ile kiatu anabeba isizeeke. Tukarudi kuitafuta, bamama ba mu shamba banatucheka toka ng'ambo ya bonde. "Munatafuta nini?" "Kiatu!" "Ya nani?" "Ya mutu asiyevaaka viatu!" Tuko pia na mugeni, kijana aliyekimbia vita toka Luofu. Anatembea nyuma bila kusema kitu. Rébecca anasema Mungu ametuletea Kaswera ingine, mais hii iko na ndevu.

Sasa neno moja, na hii si muchezo. Mukaka alisikia habari ya kutoitika, akakasirika. "Mutu anaitwa na anyamaze? Huyo ni mutu gani?" Nikamweleza namna Beni iko. Mimi nakuambia: fuata sheria ya kule. Wenyewe banajua kwa nini baliiweka. Na ile kijito usivuke. Siku banasema tuvuke, kataa, hata bakuite mwoga. Nakuandikia hii juu ya vile nakujua. Wewe unaogopa kukataa kuliko unavyoogopa kufa.

Yaya wako,
Lusenge

*Beni, 13 Oktoba 2025*

Yaya Lusenge,

Nakusalimu. Uko mzima? Mukaka ni mzima? Nimeandika salamu kwa sababu mkono umezoea. Mimi si mzima.

Jana tulivuka.

Agar alisema baba yake amemwambia kwamba askari walipita ng'ambo na sasa ni salama. Sagesse aliona mapera yaliyoiva upande ule. Nilikumbuka barua yako. Nilifungua mdomo nikasema, "Labda maji ni baridi." Hicho ndicho kitu pekee nilichosema, Yaya. Nikavua viatu nikavuka.

Tulikula mapera, tukaenda mbele kidogo katika kakao. Babouche ya Hadassa, ndala yake ya plastiki, ikakatika. Akaketi kuifunga kwa nyuzi za mgomba. "Endeni, nakuja. Miye si bibi-arusi wa kungojwa." Tulikwenda polepole tukiongea. Kisha tukasikia risasi, si karibu sana. Agar akatulaza chini. Sijui tulilala muda gani. Nilikuwa na siafu shingoni na sikumtoa.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya kakao, si njiani tulikomwacha, bali pembeni, chini chini: "Eee, ba mbele."

Sagesse akaanza kulia. Agar akatikisa kichwa. "Ni bale. Banaiga." Sauti ikaita tena. Yaya, nani Beni nzima anajua mwito ule? Wale wa porini wangejifunza wapi namna watu wa Butembo wanavyoitana wakipanda mlima? Nilijua ni yeye. Kichwani nilijua, lakini sikuitika. Mara ya tatu akataja jina langu. Agar akanishika mkono na tukakimbia.

Upande huu wa kijito tulingoja, hakuja. Agar akasema, "Baba atanipiga mpaka nife, na chef atafukuza bazazi benu mu quartier. Tuseme alibaki huku, pale kwa michikichi. Atarudi tu, anajua njia." Tukakubali. Mimi pia.

Papa alikuwa amekwisha kwenda Mbau. Jioni Mama Hadassa alituuliza mmoja mmoja, "Aliita? Mulisikia akiita?" Agar akasema hapana. Sagesse akasema hapana. Mimi nilitikisa kichwa.

Leo chef na vijana wa quartier wamepekua michikichi yote tangu asubuhi. Wanatafuta mahali ambapo hayupo. Mama Hadassa ameiacha sahani ya binti yake kwenye mafiga isipoe, na mimi akanipa yangu. "Kula, mwanangu, weye pia ulimupenda." Amesema "ulimupenda", halafu akajisahihisha: "unamupenda."

Nimejizoeza sentensi moja mbele ya ukuta. "Mama, tulivuka." Ni maneno mawili. Nikimfikia, ninamuuliza kama anataka nimchotee maji. Nimechota mapipa yote ya nyumba.

Nifanye nini? Ninaogopa kwamba nikisema watanifukuza, na nisiposema yeye yuko kule. Papa Michée anaondoka kesho alfajiri. Nijibu upesi, nakuomba.

Mudogo wako,
Kaswera

*Butembo, 16 Oktoba 2025, siku ya ine*

Kaswera,

Barua yako imefika sasa hivi. Gari ya Papa Michée ililala Kabasha siku mbili ndani ya matope, na barua yako ikalala naye.

Kwa nini uliniandikia mimi? Mimi niko Butembo. Mama yake iko hapo kwa mulango yako.

Nimepiga simu ya Papa, haipite. Namba ya Mama Hadassa sina, ya chef sina. Mukaka alianguka siku ya yenga, hawezi kusimama, niko naye peke yangu, bila hiyo ningekuwa tayari njiani juu ya pikipiki. Namtuma Jéthro, motard, jirani yetu wa pikipiki. Ni mutu wa kweli. Nimemwambia yote kwa mudomo, kijito, kakao, yote. Wewe umpeleke tu mbele ya mama na usimame karibu yake. Kama mudomo wako unakataa, yeye atasema. Mais jaribu iwe wewe.

Sikufukuzi, na Papa hatakufukuza. Hata kama Beni nzima inakufukuza, nyumba iko huku.

Usimalize kusoma hii barua. Nenda.

Yaya wako,
Lusenge

*Beni, siku ya yenga, 19 Oktoba 2025*

Yaya Lusenge,

Salamu kwako, na kwa Mukaka katika maumivu yake. Jéthro aliniambia namna alivyoanguka. Ninamwombea. Nakuandikia kwa sababu lazima ujue, na kwa sababu Papa amelala baada ya kulia na hakuna mwingine wa kumwambia.

Jéthro alifika jioni ile ile uliyomtuma, akiwa na matope mpaka kwenye kope. Mama Hadassa alikuwa anachambua maharagi. Jéthro akavua kofia. "Mama, natoka Butembo, kwa yaya ya huyu mutoto. Ananituma na maneno." Mama akamtazama kama mtu anayetaka kumuuzia kitu. Hapo nikasema. "Mama, tulivuka." Mengine yakatoka yenyewe, mapera, babouche, risasi, kakao, mpaka jina langu.

Hakulia. Hakunipiga, ingawa nilisogeza uso. Aliuliza, "Aliita namna gani?"

Nikaanza kumweleza.

"Hapana, usinielezee. Ita."

Nikaita, polepole. "Kwa nguvu yake," akasema. Nikaita kwa nguvu yake, pale katika parcelle, na majirani wakatoka. Mama Hadassa akasema, "Ni yeye." Akaweka sinia ya maharagi chini akaenda kwa chef.

Kulipopambazuka tulikwenda. Chef, vijana, askari wachache, na baba wa Agar kati yao. Hakumpiga Agar. Alitembea mbele yetu kofia mkononi njia yote. Nilionyesha mapera, nikaonyesha tulipolala, nikaonyesha upande wa sauti.

Si mbali na hapo kuna shimo. Wenye shamba walikuwa wakifunika humo kakao kwa majani ya migomba ili ichachuke, kabla hawajakimbia. Majani yalikuwa yamelala kama godoro, na katikati umbo la mtu. Babouche moja ilikuwa humo. Kipande cha blauzi yake ya bluu, alichokichana kufungia jeraha, na damu kavu. Pembeni maganda ya kakao. Alikuwa anapasua matunda na kunyonya utamu wake, kama tunavyofanya sote tukiona njaa shambani.

Mama Hadassa alipiga magoti. Yeye ni mtu wa kakao tangu utoto. Aliokota ganda moja moja na kuligeuza. Mengine yalikuwa meusi na magumu. Mengine ya kahawia. "Hii ya siku ya yenga," akasema. "Hii ya nyuma yake." Akaendelea hivyo, bila haraka, kama mtu anayepanga nguo. La mwisho lilikuwa bado la njano, na ndani lina maji, na alama za meno. Alilishika muda mrefu.

"Hii ni ya jana," akasema.

Jana yake ilikuwa siku ya ine, Yaya. Asubuhi ile nilikuwa darasani, zoezi la jiografia, na nilipata alama nzuri. Alikuwa pale, mguu umeumia, hawezi kutembea, akingoja. Siku zote nilizokuwa ninangoja barua yako, yeye alikuwa anangoja karibu kiasi kwamba ungeweza kwenda na kurudi kabla maharagi hayajaiva.

Kuzunguka shimo kulikuwa na nyayo za bottes, buti za wale wa porini, na mahali mguu ulipoburuzwa kuelekea ndani. Askari hawakutaka kufuata siku ile. Walisema ni wachache.

Mama Hadassa hakuniambia neno baya. Jioni alinipa sahani yangu. Ingekuwa afadhali angeimwaga. Ninalala kwenye kitanda chetu, upande wangu. Upande wake siugusi.

Usiniandikie kwamba si kosa langu.

Mudogo wako,
Kaswera

*Butembo, 21 Oktoba 2025*

Mudogo wangu,

Nakusalimu na moyo muzito. Mukaka amefungwa mbao ku mguu, analala, anakula kidogo. Hagombezi.

Sitakuandikia kwamba si kosa yako. Umenikataza, na mimi sijui kudanganya. Ungesema siku ile ile. Ndiyo. Mais sikia na hii: mulikuwa batatu, mukubwa alikuwa mwingine, na sheria ya kutoitika hukuitunga wewe. Na aliyemubeba Hadassa si wewe. Hiyo pia usiisahau, juu ya vile naona unataka kuibeba yote peke yako kama gunia.

Papa alinipigia toka Beni. Sijasikiaka baba yetu akilia, nikamwambia bei ya mbao. Anataka urudi. Panda gari ya Papa Michée siku ya posho, Rébecca atakungojea kwa parking. Hatutakuuliza kitu. Hatutatembea kama hutaki, tutakaa tu. Yule kijana wa Luofu nilimwambia, naomba unisamehe. Siku ile bakikimbia alipoteza dada yake njiani. Ni mara ya kwanza alisema maneno mengi. Alisema, "Mwambie arudi. Kukaa mbele ya macho ya mama yake, hataweza. Miye nilijaribu."

Mukaka anaita jina yako akiamka.

Rudi, Kaswera. Mimi sijakuombaka kitu tangu tuzaliwe.

Yaya wako,
Lusenge

*Beni, siku ya tano, 24 Oktoba 2025*

Yaya Lusenge,

Salamu kwako. Mwambie Mukaka ninamkumbuka, na ale. Msalimie Rébecca, na Kitsa, na yule wa Luofu. Mwambie nilisoma maneno yake mara nyingi. Amesema kweli. Siwezi. Lakini ninakaa.

Juzi mama mmoja alitoroka porini akafika Mbau. Papa alimwona kwa macho, alipumzishwa katika darasa lake, na jana akarudi Beni kutuambia. Alisema kati ya watu wanaobebeshwa mizigo yuko msichana anayechechemea, mguu umefungwa kitambaa cha bluu. Jina hakulijua. Chef anasema vitambaa vya bluu ni vingi duniani. Mama Hadassa alikwenda kuosha sufuria.

Kesho wanakwenda tena, safari hii kufuata alama kutoka kwenye shimo. Vijana wengi wamekubali, na askari pia, kwa sababu ya baba wa Agar. Agar mwenyewe amepelekwa Kisangani kwa shangazi yake. Sagesse hatoki kitandani. Anayekumbuka vizuri mahali pale nimebaki mimi. Tangu mvua ya juzi majani yameanguka yakafunika njia, vijana walikwenda jana bila mimi wakapotea, wakarudi.

Jana jioni Papa alifunga mfuko wangu akauweka mlangoni kwa ajili ya Papa Michée. Mama Hadassa aliuona. Hakunizuia, Yaya, nataka ujue hilo. Alisema tu, "Kama unaenda, nani atanionyesha?"

Nilifungua mfuko nikarudisha nguo. Nikamwambia Papa hapana. Alisimama ananitazama kama ameingia nyumba isiyo yake. Akaanza kunieleza hatari zote, kwa utaratibu, kama mwalimu. Zote ni za kweli. Nikasema hapana tena.

Ninaogopa sana. Nimeandika hivyo ili usifikiri nimekuwa mtu mwingine. Mama Hadassa atatembea karibu yangu. Siku ile ya shimo mara mbili alinishika mkono kwenye utelezi, na mara moja hakuuachia upesi.

Najua utakaa usiku huu kuniandikia nisiende. Usiandike. Barua itanikuta nimeondoka, au haitanikuta. Kama una neno kwangu, mwachie Rébecca amtunze Mukaka, panda pikipiki ya Jéthro, uje uniambie kwa mdomo. Niko kwa Mama Hadassa. Ukikuta mlango umefungwa, uliza njia ya kijito. Hapa kila mtu anaijua sasa.

Mudogo wako,
Kaswera